Sungura wa Chumba cha Eda

"Huyu ni jike," mama aliniambia kabla hata ya kunipa pole. "Nimemtazama mwenyewe, tena mchana kweupe."

Mume wangu alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia. Nilikuwa nimeketi chumbani kwangu hapa Malindi nikianza eda, ile miezi minne na siku kumi ya mjane kukaa ndani, asijipambe, asijitie manukato, asitoke ila kwa dharura, asionekane na mwanamume asiye maharimu yake. Mama alitoka Magarini asubuhi ile, na umri wake wote ule na magoti yake mabovu, akaja na kikapu cha ukili kilichofunikwa kwa leso. Nilidhani ameniletea mihogo. Akafunua pembe ya leso, yakachomoza masikio mawili, na mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, uso ukaniwaka moto mpaka shingoni. Wanawake waliokuwapo walicheka, wakasema bibi huyu ana mambo, sungura katika msiba! Sikucheka. Mama naye hakucheka. Alinitazama tu, kama anayekupa kitu akangoja aone utakipokea kwa mkono mmoja au kwa miwili.

Nilikipokea kwa miwili. Lakini nisijisifu kwa hilo, maana nilichelewa miaka zaidi ya arubaini. Kila mtu ana mwaka wake mmoja uliomkata na kumshona upya, na mwaka wangu mimi una sungura ndani yake. Habari za nani alimzaa nani sitaziingiza hapa. Inatosha mjue kwamba mama alizaliwa Mgiriama, jina lake Dama. Aliposilimu akaolewa na baba akaitwa Salma, na nyumba aliyoletwa ilikuwa ya baba na ya dada yake baba, Shangazi Rukia, ambaye hakubahatika kupata watoto na aliyenipenda kama wake. Katika nyumba ile Kigiriama hakikukatazwa. Wallahi hakuna aliyesema usikiseme. Ila kila mama alipoponyokwa na neno, Shangazi aliinua kichwa akauliza, "Ati nini?" kwa upole kabisa, kama mtu asiyesikia vizuri, na mama akalirudia neno lile kwa Kiswahili. Mtu akiulizwa "Ati nini?" miaka na miaka, huacha. Nilipofika miaka kumi na minne nilikuwa sijui hata kuhesabu mpaka kumi kwa lugha ya mama yangu, na sikuona kama nimepungukiwa na kitu. Nilikuwa nikiona nimeepushwa.

Mwaka huo baba akafariki. Chumba cha mama kikageuzwa chumba cha eda kabla matanga hayajaanuliwa. Kioo cha kabati kikazungushwa kikatazama ukuta. Chupa ya halwaridi na kopo la udi vikahamia kwa Shangazi. Dirisha la barazani likafungwa na pazia zito likashushwa, ukabaki mwanga wa dirisha la uani tu, ulioingia na harufu ya jikoni na sauti za kuku. Kitanda kilikuwapo, lakini mama alikaa chini juu ya mkeka, mgongo kwenye ukuta, amejifunika kanga nyeupe iliyofifia. Kazi yangu ilikuwa kumkalia. Nilimchotea maji, nikampelekea chakula, nikawapokea wanawake waliokuja kumpa mkono, nikawaambia, "Karibuni, yuko ndani." Shangazi alinifundisha kulisema neno hilo kwa sauti ya chini na macho yakitazama sakafu. Nilijifunza haraka, maana nilipenda kutazamwa nikifanya mambo ya watu wazima.

Mama hakuwa akila. Nilimpelekea mahamri na mbaazi asubuhi, nikayarudisha. Mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka, akala matonge mawili kwa kunistahi, akasema ameshiba. Wanawake walikuja wawili wawili, wakaketi, wakasema Mola akupe subira, wakazungumza habari zao wenyewe kwa wenyewe juu ya kichwa chake, wakaondoka. Mama alijibu "Amin" na "Ahsanteni" na si zaidi ya hayo. Nilifikiri ndivyo mjane mwema anavyotakiwa kuwa, na moyoni niliona fahari kwamba hata asiyezaliwa humu anajua adabu za humu.

Ndipo akaja Mjomba Katana, ndugu yake mama, kutoka shambani Magarini. Yeye ni maharimu, kwa hiyo aliruhusiwa kuingia. Alimtazama dada yake, akatoka, na juma la pili akarudi na kikapu. Juu kulikuwa na fungu la mchunga, ile mboga chungu ya porini wanayoipenda watu wa bara. Chini yake alikuwamo sungura wa kijivu, mdogo, anatetema pua tu.

"Ala!" Shangazi akasema. "Wa kuliwa au wa kufugwa?"

"Wa kufugwa, dada," Mjomba akasema. "Nimemletea Dama mtu wa kuzungumza naye."

"Salma," Shangazi akamsahihisha. Kisha akainamia kikapu. "Dume au jike?"

"Bado mtoto huyu. Atajulikana mbele."

Mjomba alikuwa na safari ndefu, akaaga akaenda zake. Shangazi akabaki amesimama ukumbini na kikapu miguuni pake, na nikamwona amekumbuka kitu. Bibi yake, alisema, alikuwa akishikilia kwamba mjane hakai chumba kimoja na dume. Dume gani? Dume lolote. Hata jogoo likiingia chumba cha eda hufukuzwa. Jambo hili sijaliona kitabuni, na tangu siku hizo nimewauliza wanaojua wakacheka mpaka machozi. Lakini kwa Shangazi neno la bibi yake lilikuwa neno, na sungura hakupita mlango ule mpaka ajulikane ni nani. Akaita majirani. Alikuja Bi Maimuna wa nyumba ya pili na mwenzake mmoja, wakaketi chini uani, wakampindua yule kiumbe maskini chali mapajani, wanawake watatu wenye heshima zao, wakaanza kumchungulia.

"Mimi sioni kitu," Bi Maimuna akasema.

"Kama huoni kitu basi ni jike," akasema mwenzake.

"Mie nimefuga mbuzi tangu utoto, na mbuzi dume utamjua siku anapozaliwa."

"Mbuzi na sungura wapi na wapi, Maimuna?"

Shangazi akamchukua, akamshika ngozi ya shingo, akamwinua juu. Sungura akaning'inia kimya, miguu imelegea. "Ni jike," akahukumu. "Dume lisingetulia hivi kushikwa na watu wasiolijua. Naapa ni jike." Wenzake wakakubali, hoja ile ikawatosha. Shangazi akampa na jina hapo hapo, akamwita Mwali, kwa kuwa naye ni wa kukaa ndani. Kupitia dirisha la uani nilimwona mama. Alikuwa ameziba mdomo kwa pembe ya kanga na mabega yanamtikisika. Nikadhani analia. Nikakimbia ndani, nikamkuta anacheka.

Mwali alitupendeza sote, na hilo nataka lieleweke, maana Shangazi hakuwa mtu mbaya na sitaki mtu amsome vibaya. Tulimwekea kreti ya mbao tukaitia majani makavu, lakini yeye alichagua kulala chini ya kitanda. Alitafuna ukingo wa mkeka, akatafuna mikanda ya makubadhi ya Shangazi yote miwili, na Shangazi akamtukana matusi ya kila namna huku amempakata. Alipoogopa alipiga sakafu kwa mguu wa nyuma, kishindo kama cha mtu mwenye kilo zake, tukaruka. Vinyesi vyake, punje punje kama pilipili manga, nilivifagia mimi asubuhi na jioni bila kunung'unika. Mjomba alileta mchunga kila alipokuja mjini. Mama aliugawa fungu, nusu ya Mwali mbichi, nusu akaniomba nimpikie na sima, na Shangazi akauliza, "Mboga moja, mtu na mnyama?" Nikaona haya. Lakini mama alikula. Alikula sahani nzima, akalamba vidole.

Jioni moja nilikuwa nikimpelekea uji wa mtama, nikafika mlangoni nikasikia mazungumzo. Nikadhani kuna mgeni ameingia kwa mlango wa uani. Sauti ilikuwa ya mama, lakini sikupata kuisikia ikienda vile, haraka, ikipanda na kushuka, inauliza na kujijibu, na katikati yake kicheko cha kooni. Kilikuwa Kigiriama. Hayakuwa maneno mawili matatu ya kuponyoka. Yalikuwa mto mzima. "Ndzo," alikuwa akisema, "ndzo," na hilo nililifahamu kwa kuwa Mwali alitoka chini ya kitanda akamwendea. Njoo, alikuwa akimwambia. Mengine yote yalinipita. Nilisimama pale na bakuli linaniunguza vidole. Nilipaswa kushukuru kwamba mama yangu amerudi kuwa hai. Nilichokifanya ni kugeuka kutazama kama mlango wa barazani umefungwa, jirani asisikie.

Tangu siku hiyo nikawa mlinzi. Wageni wakija nilipaza sauti kubwa, "Karibuni! Karibuni!" ili mama anyamaze. Kwa wiki nyingi iliwezekana. Wakati mwingine nilikaa naye, Mwali katikati yetu, na akaanza kunihadithia jambo, likamjia kwa Kigiriama, akasita, akanitazama, akalitafuta kwa Kiswahili, likawa fupi. Ningeweza kumwambia aseme tu, nitamfuata pole pole. Sikumwambia. Nilichukua jani la mchunga nikamlisha sungura.

Kulikuwa na msichana wa darasa letu, Aziza, wa nyumba kubwa moja mtaa wa Shela. Nyumba yao ilikuwa na mlango wa nakshi na ngazi ya ndani, na mama yake alipopita barazani watu walisimama. Kwa Aziza nilikuwa tayari kubeba vitabu vyake kichwani. Alasiri moja, bila taarifa, wakaja yeye na mama yake kutoa mkono. Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Shangazi ndiye aliyewafungulia. Nilipotokea ukumbini, na machicha ya nazi mikononi, walikuwa wamekwisha keti, na ndani ya chumba mama alikuwa akizungumza. Anazungumza na kucheka, sauti yake imejaa nyumba nzima. Mwali alipiga mguu, dum, na mama akampigia kelele za furaha kwa lugha ile.

Mama yake Aziza aliinua nyusi. Aziza akaniuliza, "Nani huyo?"

Shangazi alikuwapo, na angejibu yeye. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Nilimtangulia.

"Ni mtumishi wetu," nikasema. "Anacheza na sungura."

Chumbani mama alikatika katikati ya neno, nusu limetoka, nusu limebaki. Shangazi alinitazama, akatazama pembeni. Hakunikanusha. Akawainua wageni akawaongoza ndani, nami nikafuata nyuma kwa kuwa miguu haikuwa na pengine pa kwenda. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, peke yake, kanga imemfunika vizuri mpaka kwenye paji la uso. Mwali ameingia chini ya kitanda. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Wageni wakaketi, wakasema Mungu amrehemu, mama akasema Amin. Mama yake Aziza akazungusha macho chumbani, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Na huyo mtumishi wenu yuko wapi?"

"Nimemtuma dukani," mama akasema. "Atarudi sasa hivi."

Alikisema Kiswahili cha Malindi, kimenyooka, kila neno mahali pake. Hakunitazama. Mama yake Aziza akasema, "Aa," akatengeneza buibui lake. Bila shaka alijua. Wanawake wa rika lile walijua kila nyumba ina nani na haina nani. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa, na Shangazi mwenyewe alikuwa akiipenda sana methali hiyo kwa kuwasema watu wengine. Usiku ule sikuisikia kwake.

Jioni nilimpelekea mama chakula. Ulikuwa wali na mchuzi wa papa. Nilingoja anipige, na nilitamani anipige. Alinawa, akala, akaniambia, "Mchuzi leo umeutia chumvi sawasawa." Basi. Tangu hapo aliendelea kuzungumza na Mwali, lakini kwa sauti ya chini, na akisikia tu "Hodi" barazani alilikata neno lilipofika. Sikuwa na haja tena ya kupaza sauti kwa wageni. Alikuwa amejifunza mwenyewe.

Eda ilikaribia kwisha. Shangazi alikwisha nunua leso mpya za kumtoa nazo, na udi, na tulikuwa tukisema habari za pilau. Mama alianza kuuliza habari za nje, kama mvua imenyesha Magarini, kama barabara inapitika. Alitaka kwenda kwao akawaone watu wake, akae siku mbili tatu, anyooshe miguu. Alilisema jambo hili kila siku, kwa hamu ya mtoto anayengoja idi. Ndipo Mjomba Katana akaja kusalimu. Siku hiyo Bi Maimuna alikuwapo, na wanawake wengine wawili. Mjomba akamsalimia dada yake mlangoni, na Mwali, aliyekuwa sasa amenenepa na amekua, akatoka kumnusa miguu. Mjomba akamwinua, akampindua kwa mkono mmoja kama mtu anayetazama nyuma ya sahani, akaangua kicheko.

"Lo! Dume zuri hili! Mbona mnamwita Mwali?"

Maskini Mjomba. Alikuwa amefurahi. Alitaka kumwomba kwa ajili ya majike yake kule shambani. Hakujua kwa nini ukumbi mzima unamtazama Shangazi. Aliyeanza ni Bi Maimuna, akacheka mpaka akajishika ubavu. "Rukia! Si ulituapia wewe? Dume lisingetulia!" Na wale wengine wakacheka, na kicheko kikatoka barazani kikaenda mtaani, kabla ya magharibi kila nyumba ilikuwa nacho. Nimekuja kufahamu ukubwani kwamba aliyeaibika kwanza siku ile alikuwa Shangazi. Aliapa mbele ya watu, na watu wakamcheka, na mtu aliyechekwa hutafuta pa kuuweka mzigo wake. Akauweka pale ulipokuwa mwepesi kubebwa.

"Basi eda imeharibika," akasema. "Amekaa na dume chumba kimoja. Itahesabiwa upya, tangu dume litakapotoka."

"Upya?" Mjomba akauliza. "Yote?"

"Yote. Ama sivyo mimi sitamtoa, na mwanamke wa mji huu hataingia humu siku hiyo. Ijulikane kabisa."

Mimi nilikuwa nimesoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Nilijua. Mtoto wa chuo yeyote alijua kwamba eda huisha kwa siku zake, na kwamba sungura hana mlango wa kuingilia humo. Usiku, Shangazi alipolala, nilienda kwa mama. Alikuwa ameketi gizani na Mwali mapajani, anamkuna nyuma ya masikio.

"Mama," nikamwambia, "hakuna hukumu kama hiyo. Shangazi amekosea. Eda yako inaisha siku ile ile."

"Najua," akasema.

"Unajua? Mbona basi hukumjibu?"

Akaacha kumkuna sungura. "Nikimjibu nitatoka, nitakwenda kwetu, na mimi sitasikia watakayosema. Wewe ndiye utakayekaa nao." Akamsogeza Mwali, akamlaza kwenye mkeka. "Umekwisha chagua pa kukaa, mwanangu. Nilikusikia siku ile. Basi acha nikusaidie ukae vizuri. Asije mtu akasema, binti wa yule asiyemaliza eda."

Hakulisema kwa hasira. Laiti angelisema kwa hasira ningelilia, yangeisha. Alilisema kama mama anayekupangia nguo za safari. Na mimi, badala ya kumwangukia miguuni, nilihisi, haya basi nilitamke lilivyo, nilihisi nimepumua. Nikamwambia, "Ahsante, mama." Nikaenda kulala, na usingizi ukanijia.

Asubuhi Mjomba alirudi akamchukua Mwali. Mama alimtia kikapuni kwa mkono wake, akamwekea mchunga wote uliobaki, akamfunika. Mjomba aliondoka ameinamisha kichwa, anapita kando ya ukuta kama mtu aliyeiba. Mama akaketi mahali pake, akaanza upya.

Eda ya pili nakumbuka ukimya wake. Mama hakusema Kigiriama tena, hata kwa kunong'ona, hata peke yake. Hakukuwa na wa kumwambia. Mimi nilikuwa pale kila siku, na sahani, na maji, na ufagio usio na cha kufagia, lakini mimi sikuwa mtu wa kuambiwa. Mwisho wa mkeka ule uliotafunwa ulibaki vile vile, na nilimwona mara kwa mara akiupapasa kwa vidole. Wageni walikuja zaidi kuliko mara ya kwanza, maana habari ilienea. Wakamsifu. Wakasema Salma ana subira, Salma amewashinda waliozaliwa humu, tazama, eda mbili juu ya mume mmoja. Hata mama yake Aziza akasema mbele yangu kwamba mwanamke kama huyu binti yake naye lazima atakuwa na malezi. Shangazi alijibu, "Ndivyo tulivyomfunza." Na mimi, Mola anisamehe, nilisimama mlangoni nimejaa kiburi. Nilikuwa nikivaa kifungo cha mama yangu kama mkufu.

Alitolewa eda kwa heshima zote. Walikuja wanawake mpaka uani pakajaa. Wakamwosha, wakamvika leso mpya, wakamfukiza udi, kioo kikazungushwa kikatazama chumba. Mama akajiona ndani yake, akatabasamu kidogo kama anayemwona mtu aliyemsahau jina. Wiki haikwisha akafunga nguo zake. Zile siku mbili tatu za Magarini hazikutajwa tena, ila hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba anakwenda moja kwa moja. Mlangoni akaniuliza, "Utakuja nami?"

"Shule, mama," nikasema.

"Haya," akasema. "Soma."

Nikasoma, nikakaa, nikakaa vizuri kama alivyotaka. Nikaolewa katika ukoo wa Aziza, nyumba ya ngazi ya ndani. Nilikwenda Magarini sikukuu kwa sikukuu, na zawadi za sukari na vitambaa, nikaketi kwenye kiti nilichowekewa, nikasemeshwa Kiswahili na watu wanaozungumza Kigiriama pande zangu zote. Mama hakunikumbusha kitu hata mara moja. Watu husema mzazi akikusamehe mzigo huondoka. Wangu haukuondoka, kwa sababu hakuna siku aliyonishtaki, basi hakuna siku niliyosamehewa.

Sasa eda ni yangu. Na mimi nina simu, nina feni, nina wajukuu wanaoingia na kutoka, na hakuna mtu anayeuliza nazungumza na nani. Mama amekataa kitanda, analala kwenye mkeka ubavuni mwangu. Mjukuu wangu Zuhura, mwenye miaka tisa, hatoki chumbani humu. Anampiga picha yule sungura, anamlisha maganda ya karoti, na mama anamfundisha majina ya vitu. Mtoto anayarudia, anakosea, wanacheka wote wawili. Mimi nasikiliza nimejifanya nasoma uradi.

Jana alasiri mama alikuwa akizungumza na sungura. Sungura alikuwa amejificha chini ya kabati, naye akimbembeleza, mto mzima ule, unapanda na kushuka, sikuusikia mjini humu tangu nina miaka kumi na minne. Barazani wakapiga hodi. Na mama yangu, mwanamke wa miaka themanini, katika nyumba ya mwanawe, alilikata neno katikati.

Ukumbini nikasikia sauti ya mgeni, mke wa shemeji yangu mmoja, ikimwuliza Zuhura, "Nani huyo ndani anayesema Kigiriama?" Nikafungua kinywa. Nimelibeba jibu lile miaka yote hii, nimelilalia na kuliamkia. Lakini mtoto hakuhitaji kufikiri.

"Ni Nyanya Dama," akasema. "Mama yake nyanya."

Ikawa basi. Hakuna aliyeshtuka, hakuna aliyeinua nyusi. Wageni wakaingia. Mama alikuwa amekwisha jifunika vizuri, ameketi wima, na kabla mimi sijasema lolote akawakaribisha. "Karibuni wanangu, piteni ndani, starehe," kwa Kiswahili kile kilichonyooka, na jicho lake likanipitia upesi, kuona kama nimeridhika.

Nilishindwa kukaa. Nikapiga magoti sakafuni mbele ya wageni, nikainama kutazama chini ya kabati, nikasema lile neno moja nililo nalo.

"Ndzo," nikamwambia sungura. "Ndzo."

Hakutoka. Mama akanisogelea, akaniinamia sikioni, akanong'ona wageni wasimsikie. "Halisemwi hivyo, mwanangu. Sema tena."

Nyuma yangu wageni walikuwa wakipangana kwenye mkeka. Nikalisema tena. Nililisema kwa kunong'ona.